Haina Maji, Utachemsha Nini?

Huku Minnesota ushauri kuhusu joto ni mwingi kuliko joto lenyewe. Simama kituo cha mafuta mwezi wa Januari ukikwangua barafu kwenye kioo cha mbele cha Volkswagen Beetle ya mwaka 1966, tena ukikwangua upande wa ndani, uone. Watu wasiokusalimu mwaka mzima watakuja kukufunda. Kila mmoja ana hita yake anayoiamini. Na kila mmoja akishamaliza kunena anarudi kwenye gari lake la juzi, anabonyeza kitufe, kiti kinampasha makalio, anaondoka zake.

Swali la kwanza ni lilelile: kwa nini hulilazi ndani mpaka theluji iishe? Wenye magari ya kale wenye akili timamu hufanya hivyo. Ikifika Novemba wanalifunika, wanatoa betri, wanalisahau. Sawa, lakini hao wana gari jingine. Na sisi tunalo jingine, Toyota yenye hita ya kupigiwa mfano, ila ina mwenyewe. Mama watoto ni muuguzi, anaingia zamu saa moja asubuhi, saa ileile ninayotakiwa niwe ghalani kwangu upande wa pili wa mji. Suala la nani achukue Toyota lilijadiliwa mara moja tu, na kikao kilikuwa kifupi.

Tuelewane kwanza jinsi Beetle inavyopata joto, maana wanaonishauri wengi hawajui. Gari la kawaida lina maji yanayozunguka kwenye injini. Yakishapata moto yanapitishwa kwenye rejeta ndogo nyuma ya dashibodi, feni inapuliza, dereva anavua koti. Injini ya Beetle iko nyuma na inapozwa kwa upepo. Maji haina, rejeta haina. Wajerumani wakakaa wakafikiri: si bomba za ekzosi zina moto? Wakazivika maboksi ya bati. Feni ya injini ikasukuma hewa ndani ya maboksi hayo, hewa ikajipasha kwenye bomba, ikaingia kwenye mifereji iliyofichwa ndani ya vizingiti vya milango, kushoto na kulia, ikasafiri hadi mbele, ikatokea miguuni na kwenye vipenyo vyembamba chini ya kioo.

Kwenye mchoro ni akili tupu. Barabarani, hewa hiyo inasafiri kutoka nyuma mpaka mbele ndani ya bati lililolala nje usiku kucha kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na inapofika kwenye kidole gumba changu imeshasahau ilikotoka. Halafu joto lenyewe linafuata mwendo. Feni imefungwa kwenye injini; ukikimbia kilomita 90 kwa saa unapata kitu, ukisimama taa nyekundu feni inazubaa na joto linakata. Na aliyepanga taa za barabarani za Minneapolis sidhani kama amewahi kupanda Beetle.

Nilikulia Tanga, ambako magari haya yalikuwa ya mapadri, walimu wakuu na madaktari. Yalikuwa na sifa zake. Mwaka 1962 Volkswagen ilishinda Safari Rally, na wazee wa mtaani kwetu walisimulia ushindi ule utadhani walikuwa kiti cha nyuma. Mjomba wangu alikuwa nalo moja. Kando ya breki ya mkono palikuwa na vijiti viwili ambavyo hakuna aliyejua kazi yake, na tuliambiwa tusiviguse. Siku moja, njiani kuelekea Muheza, jua la saa nane linatuchoma, mmoja wetu akavinyanyua. Mjomba alisimamisha gari, akatushusha wote, akaenda nyuma kutafuta moto ulikowaka. Hivyo vijiti ndivyo ninavyovinyanyua leo kila asubuhi kwa bismillahi, na hakuna kinachowaka.

Wamarekani nao hawawezi kulizungumzia gari hili bila kukutajia tangazo moja la televisheni la miaka ya 1960. Usiku, theluji imejaa, Beetle inakwenda taratibu barabarani hadi kwenye banda, dereva anashuka, mara linatoka gari kubwa la kusukuma theluji. Kumbe mwenye kuwasafishia wenzake njia, yeye mwenyewe alifika kazini kwa Beetle! Ni tangazo zuri, na halidanganyi. Uzito wa injini umekaa juu ya magurudumu yanayosukuma gari, ndiyo maana theluji hailisumbui. Lakini nimelitazama kwa makini. Linamwonyesha jamaa akifika. Miguu yake hawajaionyesha.

Basi nikalipeleka kwa fundi. Ni Mkenya, ana gereji yake Brooklyn Park, na ni mtu pekee katika habari hii yote ambaye hajajaribu kuniuzia kitu. Akalinyanyua, akachukua bisibisi, akagusa kizingiti cha mlango wa dereva. Namaanisha aligusa, hakupiga. Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Alipoichomoa, kutu ikamwagika, vipande vyembamba vya rangi ya kahawia, juu ya kiatu chake, ikaendelea kumwagika muda baada ya bisibisi kutoka. Tukasimama tukiitazama.

“Mzee,” akasema, “hii imebaki ni kutu imeshikana mikono. Hewa yako ya moto inatokea hapa. Unapasha joto barabara ya serikali.”

Nikamwuliza kama hatuwezi kuweka hita ya kisasa, ile ya kwenye magari ya watu.

“Hita ya maji? Na hii haina maji. Utachemsha nini?”

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnionee huruma. Adui wa mfereji ule ni chumvi. Wakati wa baridi serikali inamwaga chumvi barabarani iyeyushe barafu, na chumvi hiyo inarushwa na magurudumu, inakaa chini ya vizingiti, inatafuna bati. Yaani katika gari zima, kuanzia pembe hadi mkia, chumvi imechagua kula bomba la hita. Baridi inakuja na dawa ya baridi, na dawa ya baridi inakula joto. Tena chumvi yenyewe ikishafika kama nyuzi 10 chini ya sifuri inaanza kushindwa kazi, barafu inabaki palepale. Bati langu halijawahi kushindwa kuliwa.

Turudi kwa washauri. Wa kwanza ni jirani yangu, mzee aliyezaliwa North Dakota, mtu mwema ambaye anaamini hakuna tatizo duniani lisilotatuliwa kwa kuchomeka kitu ukutani. Kwao ni kama dini. Andrew Freeman, mtu wa Grand Forks kulekule North Dakota, alipata hataza mwaka 1949 ya hita ya kuingiza kwenye injini, na tangu hapo watu wa nchi za baridi kali wanaegesha magari yakiwa na waya puani. Jirani akaja na yake mkononi. Nikamweleza kwamba hiyo hupasha maji ya injini. Akanitazama, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akarudi na nyingine, ya sumaku, ya kubandika chini ya injini ipashe oili. Akalala chali kwenye theluji, akaibandika. Ikaanguka. Akaibandika tena, safari hii kwa nguvu, kana kwamba sumaku huogopa mabavu. Ikaanguka. Injini ya Beetle imesubuliwa kwa mchanganyiko wa magnesi, na sumaku na magnesi hazijuani. Hatimaye akanipatia ile ya mpira inayogandishwa kwa gundi, na kusema kweli inafaa: asubuhi oili inakuwa laini, injini inaitika haraka. Nimshukuru. Ila matokeo yake ni kwamba sasa injini inaamka ina joto kuliko mwenye injini.

Wa pili ni shemeji yangu, kaka yake mama watoto. Anaishi Houston. Naomba mlizingatie hilo. Mtu anakaa mahali ambapo Januari anavaa fulana, anapiga simu jioni akiwa barazani, nasikia kabisa barafu ya kinywaji ikigonga glasi, ananifundisha baridi. “Shemeji, mbona kuna vihita vidogo vya kuchomeka pale pa kuwashia sigara? Bei ya bure!” Nikamwambia gari letu ni la volti 6. Kimya. Nikamwambia magari ya mwaka 1967 yaliyoletwa Marekani yalipewa volti 12, sisi ni wa 1966, mwaka mmoja tu. “Sasa si ungenunua la 1967?” Ndiyo aina ya msaada ninaopata.

Na hata hizo volti 12 tungekuwa nazo! Vihita vile vina wati 150. Mashine ya kukaushia nywele saluni ina wati 1,500, na nayo kazi yake ni kichwa kimoja. Kwenye volti 6, kihita cha waya cha wati 150 kinashuka hadi kama wati 37, pungufu ya taa moja ya mbele. Dainamo yangu ikikimbia vizuri inatoa kama wati 180, na hizo zinagombewa na taa, waipa, na betri iliyojificha chini ya kiti cha nyuma ikilalamika. Ukimwongeza mgeni hapo, anayekosa chakula ni plagi.

Wapo wavuvi. Huku watu huvua samaki juu ya ziwa lililoganda: wanatoboa barafu, wanajenga kibanda juu yake, wanaweka hita ya mtungi wa gesi, wanakaa kutwa. Mfanyakazi mwenzangu mmoja anavua hivyo, naye akaniambia niweke mtungi mdogo kiti cha abiria. Huyu sikubishana naye sana. Sisi tuliokua na jiko la mkaa hatuhitaji kufundishwa kinachowapata watu wanaofunga madirisha na moto ndani. Hata hiyo gesi isipokuua, inapoungua inatoa mvuke wa maji, na mvuke ukigusa kioo cha baridi unaganda. Kwa hiyo utapata joto na hutaona unakokwenda.

Hita ya dizeli ya Kichina nilikaribia kuinunua, nakiri. Kila mtu anaisifu, hasa wanaolala kwenye magari kwa hiari yao. Ni kiboksi, kitanki cha plastiki, pampu inayogonga tak, tak, tak, na kibomba cha kutolea moshi nje. Wanasema inatoa kilowati 2 hadi 5, joto la kweli, hata gari likiwa limesimama, na bei haimtishi mtu. Nikaanza kuhesabu. Inataka volti 12, kwa hiyo betri ya pili. Inataka dizeli na gari langu linakula petroli, kwa hiyo tanki la pili. Dizeli ya kawaida ikipigwa na baridi ya huku inakuwa nzito, kwa hiyo nitafute ile ya majira ya baridi. Betri ya pili, tanki la pili na mafuta ya pili, vyote kiti cha nyuma, ili kuendesha gari la kwanza. Na wanangu wakae wapi? Juu ya pampu?

Wataalamu wa Volkswagen hasa, wale wanaovaa fulana zenye picha ya Beetle, wanakudharau ukitaja Uchina. Wao wanasema hita ya petroli, Eberspächer, kitu cha Esslingen, Ujerumani, kilichotengenezwa na watu wanaojua. Inavuta petroli kutoka tanki la gari, inaiunguza ndani ya chumba chake yenyewe, inapuliza hewa ya moto ndani. Hakuna dizeli. Nikampelekea mama watoto habari hiyo kwa furaha, kwenye meza ya chakula.

“Inafungwa wapi?”

“Mbele, chini ya boneti.”

“Na tanki la petroli liko wapi?”

“Mbele, chini ya boneti.”

“Lita ngapi?”

“Arobaini.”

“Na miguu yako huwa iko wapi?”

Hakuendelea. Aliongeza wali. Siku ya pili nikapiga simu kwa wakala wa bima kuuliza tu, na yule binti aliniomba nirudie maelezo taratibu, kisha akaniomba nisubiri, kisha simu ikapokewa na mtu mwingine mwenye sauti nzito. Nikakata.

Mzee mmoja msikitini alinipa ushauri mfupi kuliko wote: “Vaa.” Na ninavaa. Suruali juu ya suruali, soksi za sufu, kofia ya kufunika masikio, na chupa ya mpira ya maji moto tumboni ndani ya koti. Kwa upande wa mwili sina malalamiko makubwa. Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis ilishuka hadi kama nyuzi 33 chini ya sifuri, na posta ikasitisha kugawa barua. Siku ya namna hiyo hata mwenye Toyota anavaa. Hewa ikifika hapo, hakuna gari la kisasa wala la kale.

Tatizo ni kioo, na hapa wanaosema “vaa” wananyamaza. Mtu akiwa hai anapumua. Pumzi ina maji. Beetle ni ndogo na imezibwa vizuri mno. Madirisha yakiwa yamefungwa yote, hata mlango unagoma kujifunga mpaka uubamize. Basi pumzi haina pa kwenda, inaenda kwenye kioo, na kioo kina nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwanza unakuja ukungu, halafu ukungu unaota majani, yale maua ya barafu ambayo watu huyapiga picha. Nayakwangua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda, mkono mmoja kwenye usukani. Vinyoya vya barafu vinanidondokea mapajani, vinayeyuka, suruali inalowa, suruali inaganda. Nikifungua kijidirisha cha pembeni ukungu unapungua, ila baridi inaingia. Nikikifunga, napofuka. Nimejaribu kupumua kidogo. Nimejaribu kupumulia ndani ya skafu. Abiria ndio mkosi mkubwa zaidi, maana naye anapumua, na wengi wao wanaongea.

Kwa hiyo anayetaka kujua nimechagua nini: nimechagua ya Wajerumani, ileile ya mwanzo. Fundi akate vizingiti, achomelee mifereji mipya, abadili nyaya za vijiti zilizoshikana na kutu, na atafute maboksi ya joto ya zamani ya Kijerumani, siyo ya kuiga. Ya zamani yana mapezi ya alumini yanayonyonya moto wa ekzosi. Mengi ya kuiga ni bomba tupu lililovishwa bati, linang'aa tu. Jambo moja lazima asilikosee: ekzosi isivuje hata tone la hewa ndani ya boksi, maana kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu na itasafiri na joto moja kwa moja mpaka puani kwangu. King'ora cha gesi hiyo nimeshakinunua, kimekaa kwenye dashibodi. Kioo chake nacho huganda.

Fundi ameleta hesabu. Ni zaidi ya bei niliyonunulia gari. Anasema tunaweza kuanza na upande wa dereva, wa abiria usubiri mwakani, nami nimeona ni haki kabisa, kwa kuwa abiria ndiye mwenye kupumua ovyo. Nilikuwa nimeshamwambia aanze.

Jana usiku shemeji akapiga tena kutoka barazani kwake. Ameniletea picha: mtu mmoja wa Uswisi, mwaka 2012, alitoa kiti cha mbele cha Volvo yake akafunga jiko la kuni, bomba la moshi likatokezea nje, na serikali ya kule ikamruhusu atembee nalo barabarani. Halitaki volti. Halitaki maji. Halichagui mwaka wa gari. Nilimwonyesha mama watoto akiwa anapiga pasi sare yake ya kazini. Aliitazama ile picha muda mrefu kuliko nilivyotegemea, hata nikaanza kupata matumaini.

“Na majivu,” akasema, “utamwaga wapi?”